Masizi na Unga: Uhakiki wa Mighani za Mtakatifu Nikolasi na Mtumishi Wake

Utangulizi

Desemba iliyopita, mtaani kwetu Bujumbura, wazazi waliandaa sherehe ya Noeli kwa ajili ya watoto. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito, alikubali kuwa Baba Noeli. Kanzu nyekundu ilishonwa na fundi wa mtaani, ndevu zilitengenezwa kwa pamba, na kofia iliazimwa. Dakika za mwisho mtu mmoja akasema kwamba bado kuna kitu kinakosekana. Ukaletwa unga wa muhogo, na mimi ndiye niliyeshika bakuli wakati mzee wetu akipakwa unga usoni mpaka akawa mweupe.

Watoto walipoanza kuingia, mdogo wangu wa miaka 6 alinivuta mkono.

"Dada, kwa nini mzee amejipaka unga?"

Nilijibu bila kufikiri. "Si unga, ni theluji. Ametoka mbali, kwenye baridi."

Akamtazama tena. "Mbona theluji haikumwangukia kwenye kofia?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akakae mkekani na wenzake.

Makala hii imetokana na swali hilo. Nilipoanza kusoma kozi ya fasihi simulizi, niligundua kwamba jibu nililompa mdogo wangu lina utanzu wake. Lilikuwa hadithi ya usuli, yaani masimulizi yanayoeleza asili ya kitu au desturi. Niligundua pia kwamba katika nchi za Ulaya watu wazima wamekuwa wakiwapa watoto jibu linalofanana sana na langu, ila wao hawasemi "ni theluji." Wao husema "ni masizi." Nitahakiki mighani za Mtakatifu Nikolasi, ambaye ndiye asili ya Baba Noeli, na za mtumishi wake mwenye uso mweusi anayejulikana Uholanzi kwa jina la Zwarte Piet, yaani Piet Mweusi. Hoja yangu ni kwamba hadithi ya usuli mara nyingi huja baada ya desturi, na huja ili kufunika jambo ambalo watu hawataki kulisema. Lakini ikishasimuliwa, humfunga msimulizi wake. Atakayeisikiliza kwa makini anaweza kuitumia kuibadilisha desturi yenyewe.

Hadithi ya usuli hufanya kazi gani?

Wengi wetu tuliwahi kusimuliwa kwa nini kuku huchakura ardhi. Kuku aliazima sindano ya mwewe, akaipoteza, na tangu siku hiyo yeye huitafuta huku mwewe akilipiza kisasi kwa kunyakua vifaranga. Hakuna msikilizaji anayeamini kwamba kuku hawakuchakura kabla ya sindano kupotea. Kuchakura kulikuwepo, mwewe alikuwepo, na hadithi ikaja baadaye kuviunganisha. Hata hivyo hadithi hiyo si ya bure. Inafundisha juu ya amana, na inampa mtoto njia ya kukumbuka kwamba kuku na mwewe si marafiki.

Mighani nayo hufanya kazi ya namna hiyo, ila yenyewe humhusu mtu anayesadikiwa kwamba aliwahi kuishi. Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya ni mfano ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili anaujua. Mighani hukua kwa kuongezewa. Kila kizazi hutia ndani yake jambo linalokisumbua, na huacha lile ambalo halikihusu tena. Kwa hiyo mhakiki wa mighani hapaswi kuishia kuuliza kama ilitokea kweli. Anapaswa kuuliza nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, na nani amefaidika.

Eric Hobsbawm na Terence Ranger, katika kitabu walichokihariri mwaka 1983, walionyesha kwamba mila nyingi zinazodaiwa kuwa za kale sana zilibuniwa karibuni tu. Mawazo yao yananisaidia hapa, lakini nina tofauti ndogo nao. Kujua kwamba mila ilibuniwa hakutoshi, kwa sababu kila mila ilianzishwa na mtu fulani siku fulani. Swali lililobaki ni kwamba ilipobuniwa, iliambatana na maelezo gani, na je, maelezo hayo yanakubaliana na kile tunachokiona kwa macho?

Mifuko mitatu ya dhahabu

Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa mahali ambapo leo panaitwa Demre, kusini mwa Uturuki, katika karne ya 4. Siku yake katika kalenda ya Kanisa ni tarehe 6 Desemba. Mwaka 1087 mabaharia walichukua mifupa yake wakaipeleka Bari, Italia, na heshima yake ikazidi kuenea Ulaya.

Mighani yake maarufu zaidi inahusu baba mmoja maskini mwenye mabinti watatu. Katika desturi ya huko, familia ya binti ndiyo iliyotakiwa kutoa mali ili aolewe, kinyume cha mahari tunayoijua sisi. Baba huyo hakuwa na kitu, na alifikia hatua ya kufikiria kuwaingiza binti zake katika ukahaba. Nikolasi aliposikia, alikwenda usiku akatupa mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba kupitia dirishani. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya hivyo kwa wa pili na wa tatu, na hakutaka ajulikane.

Katika masimulizi ya kale ya mighani hii, dhahabu hupita dirishani. Katika masimulizi ya baadaye hupita katika dohani, yaani bomba la kutolea moshi, na huangukia ndani ya soksi iliyoanikwa ikauke karibu na moto. Badiliko hilo ni dogo lakini linasema mengi. Watoto walipokuwa na desturi ya kuweka viatu au soksi karibu na jiko, mighani ilibidi ipindwe kidogo ili ieleze desturi hiyo. Ni kuku na sindano tena: kuchakura kulitangulia, hadithi ikafuata.

Katika kupindwa huko, kuna kitu kilichoachwa njiani. Kiini cha mighani ya mwanzo kilikuwa umaskini, tena umaskini unaomfanya baba auze mwili wa mwanawe. Zawadi ilikuwa na kazi maalumu ya kuzuia uovu uliokuwa mlangoni. Tukifika kwenye shairi la Kimarekani A Visit from St. Nicholas, lililochapishwa bila jina la mtunzi katika gazeti la Troy Sentinel tarehe 23 Desemba 1823, maskini ametoweka kabisa. Shairi hilo, ambalo baadaye Clement Clarke Moore alilitia katika kitabu chake cha mwaka 1844 na ambalo utunzi wake umewahi kubishaniwa, linatupeleka katika nyumba yenye utulivu, watoto wamelala salama, soksi zimepangwa vizuri, baba na mama wamevaa kofia zao za usiku. Mgeni anakuja kuwapa wenye nacho. Maudhui ya huruma yamegeuka kuwa maudhui ya faraja ya nyumbani. Wachoraji walifuata: Thomas Nast katika jarida la Harper's Weekly kuanzia mwaka 1863, na Haddon Sundblom katika matangazo ya Coca-Cola kuanzia mwaka 1931. Wao walimnenepesha na kuieneza sura yake duniani, lakini kuondolewa kwa maskini kulikuwa kumekwisha kufanyika.

Simlaumu mtunzi wa shairi kwa kuandika jambo la furaha. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi mighani inavyoweza kubeba jina lilelile na mtu yuleyule huku jambo lililoizaa likiwa limekwisha kufukuzwa.

Mtumishi asiye na jina

Huko Uholanzi na Ubelgiji mtakatifu huyu, anayeitwa Sinterklaas, haji peke yake. Mwaka 1850 mwalimu mmoja wa Amsterdam, Jan Schenkman, alichapisha kitabu cha watoto kuhusu Mtakatifu Nikolasi na mtumishi wake. Ndani yake mtakatifu anawasili kutoka Hispania kwa meli ya mvuke, chombo kilichokuwa cha kisasa wakati huo, na mtumishi aliyechorwa kando yake ni mtu mweusi. Kitabu hakimpi jina. Anabeba, anafuata, anatumwa. Jina la Piet lilikuja kumkaa baadaye.

Tarehe ya kitabu hicho ni muhimu kwa uhakiki. Uholanzi ilikomesha utumwa katika makoloni yake ya Suriname na visiwa vya Karibi tarehe 1 Julai 1863. Maana yake ni kwamba Schenkman alipokuwa akimchora mtumishi mweusi asiye na jina, sheria ya nchi yake ilikuwa bado inaruhusu mtu mweusi kumilikiwa katika makoloni hayo. Msomaji wa mwaka 1850 hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtumishi ni mweusi. Kitabu hakikuambatanisha hadithi ya usuli kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Maelezo yalianza kuhitajika pale maswali yalipoanza, na yalipoanza yakawa mengi. Wako wanaosema Piet ni Mwarabu wa Kiafrika aliyetoka Hispania pamoja na mtakatifu. Wengine husema ni shetani aliyeshindwa akafungwa minyororo. Wengine hurudi nyuma zaidi hadi kwa mungu Odin na kunguru wake wawili. Yapo masimulizi yanayosema alikuwa mtoto mtumwa kutoka Ethiopia ambaye Nikolasi alimkomboa sokoni Myra, akaamua kubaki naye kwa shukrani. Katika Ufaransa ya kaskazini na mashariki na Ubelgiji ya Kifaransa kuna mwenzake, Père Fouettard, mzee wa viboko mwenye uso mweusi. Yeye husemwa kuwa ndiye mchinja nyama aliyewaua watoto watatu na kuwatia katika pipa la chumvi kabla Nikolasi hajawafufua. Na juu ya yote hayo kuna maelezo yaliyokuja kupendwa zaidi: Piet ni mweusi kwa sababu hupita katika dohani akipeleka zawadi, kwa hiyo uso wake umejaa masizi.

Uso mmoja umepewa sababu nyingi hivyo: Mwarabu, shetani, kunguru, mtumwa aliyekombolewa, muuaji na masizi. Katika fasihi simulizi si ajabu hadithi moja kuwa na matoleo mengi, lakini matoleo hutofautiana katika mapambo huku kiini kikibaki. Hapa hakuna kiini kinachobaki. Sababu hizi zinapingana, kwa maana mtu hawezi kuwa muuaji wa watoto na wakati huohuo awe mtoto aliyekombolewa. Kitu pekee kisichobadilika ni rangi yenyewe na cheo cha utumishi. Kwa maoni yangu hii ni dalili kwamba sababu zilikuja baadaye, kila moja kwa wakati wake, ili desturi iendelee bila kuguswa.

Masizi yanayochagua

Sasa tuyachunguze masizi, kwa kuwa ndiyo maelezo yanayoonekana kuwa safi kuliko yote. Hayana utumwa, hayana shetani, hayana damu. Mtu amepita mahali pachafu akachafuka. Nani atakayelalamika?

Nimelinganisha wahusika watatu wa majira haya ambao wote hupita katika dohani. Wa kwanza ni mtakatifu wa shairi la mwaka 1823. Mtunzi anatueleza wazi kwamba alishuka kwa dohani na kwamba mavazi yake ya manyoya yalichafuka kwa majivu na masizi. Lakini anapofika kwenye uso, anausifu wekundu wa mashavu na wa pua, na ndevu anazisifu kwa weupe. Masizi yamegusa nguo, uso yameuacha.

Wa pili ni Befana, bibi kizee wa Italia anayeleta zawadi usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari. Mighani yake inasema mamajusi walipomwomba afuatane nao kumtafuta mtoto Yesu, alikataa kwa sababu ya kazi za nyumbani, kisha akajuta, na tangu hapo hupita kila nyumba akimtafuta. Yeye pia hupita katika dohani, na huchorwa akiwa na madoa ya masizi usoni na kwenye nguo kuukuu. Hapo masizi yanafanya kama masizi. Yanashika popote.

Wa tatu ni Piet. Uso wake wote, tangu paji hadi kidevu, umekolea rangi moja. Lakini nguo zake ni za kupendeza: koti la rangi kali, ukosi mweupe wa kitambaa kilichokunjwa, kofia yenye unyoya. Zimetoka katika dohani ileile na hazina doa. Zaidi ya hayo, katika sura yake ya jadi Piet ana wigi la nywele za kipilipili, midomo iliyopakwa rangi nyekundu, na hereni za dhahabu masikioni. Katika karne ya 20 waigizaji wengi walimfanya azungumze Kiholanzi kibovu, na wengine waliiga lafudhi ya watu wa Suriname.

Tukiwaweka watatu hawa pamoja, tunagundua jambo la kushangaza. Masizi ya bwana yanachafua nguo na kuuheshimu uso. Masizi ya mtumishi yanachafua uso na kuziheshimu nguo. Ni masizi yenye akili, yanayojua yampe nani nini. Na masizi gani hayo yanayosokota nywele, yanayovimbisha midomo, yanayotoboa masikio na kubadilisha lafudhi? Fani ya desturi, yaani vazi, rangi na sauti, inaikana hadithi ambayo desturi hiyo inaisimulia. Mhakiki anapokuta fani na maudhui vinapingana kiasi hiki, ana haki ya kuuliza ni kipi kinachosema kweli. Mimi nasema ni fani. Vazi la Piet linaonyesha mtumishi mweusi kama Ulaya ya karne ya 19 ilivyopenda kumwona, na masizi yaliletwa kulifunika.

Ahadi ni deni

Kuna jibu ambalo hutolewa kwa hoja kama hii, na ni haki kulisikiliza. Watetezi wa Piet husema kwamba mtoto wa Kiholanzi haoni ubaguzi. Yeye huona mtu mchangamfu anayerusha vibiskuti vya viungo. Mtoto huyo ana hatia gani? Naamini mtoto hana hatia, na naamini furaha yake ni ya kweli. Lakini sherehe hiyo haina mtoto wa aina moja tu. Ndani ya umati huohuo kuna mtoto mwenye asili ya Suriname au ya Ghana, ambaye kesho yake shuleni ataitwa Piet. Hadithi ya masizi inamwambia kwamba asikasirike, maana hakuna aliyemtaja. Huo ndio uzito wake. Inamnyima aliyeumia hata haki ya kusema ameumia.

Mwaka 2011, wakati wa kumpokea Sinterklaas mjini Dordrecht, Quinsy Gario na Jerry Afriyie walikamatwa na polisi wakiwa wamevaa fulana zenye maandishi yanayosema kwamba Piet Mweusi ni ubaguzi wa rangi. Mjadala ukawaka nchi nzima. Agosti 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi iliitaka Uholanzi ichukue hatua kuondoa sura za kudhalilisha katika desturi hiyo. Novemba 2017 watetezi wa desturi walifunga barabara kuu ili kuwazuia waandamanaji wasifike Dokkum. Watu walipandwa na hasira kiasi cha kusimamisha magari barabarani kwa ajili ya mhusika wa hadithi ya watoto. Hilo pekee latosha kumjibu anayesema fasihi simulizi ni ya kupitishia wakati.

Kilichonivutia zaidi ni namna badiliko lilivyokuja. Mwaka 2019, katika mapokezi ya kitaifa yaliyofanyika Apeldoorn, Piet wote walikuwa na mistari michache tu ya masizi usoni, ngozi zao wenyewe zikionekana. Wigi la kipilipili, midomo mekundu na hereni viliachwa. Juni 2020 waziri mkuu Mark Rutte, ambaye miaka ya nyuma aliitetea sura ya zamani, alisema mtazamo wake umebadilika.

Tazama kilichotokea. Waliotafuta suluhisho hawakuhitaji kubuni mighani mpya. Waliichukua ileile iliyokuwa imetumika kama kifuniko wakaidai deni lake: mnasema ni masizi, basi yaonekane kama masizi. Waswahili husema ahadi ni deni. Hadithi ya usuli ni ahadi iliyotolewa kwa msikilizaji, kwamba jambo hili ni hivi kwa sababu hii. Msikilizaji akiishika ahadi hiyo na kuidai, msimulizi ana njia mbili tu: ailipe, au akiri kwamba hakusema kweli. Wengi Uholanzi walichagua kulipa. Wapo ambao mpaka leo hawataki njia yoyote kati ya hizo mbili, na wanaendelea kupaka uso mzima.

Unga wetu na Desemba yetu

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwa tumewahakiki Waholanzi na tumeridhika. Lakini nilishika bakuli la unga kwa mikono yangu, na lazima nijihakiki.

Burundi ilitawaliwa na Wabelgiji tangu mwaka 1916 hadi uhuru wa mwaka 1962. Noeli tuliipokea pamoja na dini, na dini ni yetu sasa. Sina ugomvi nayo, nyumbani kwetu tunaimba usiku kucha. Baba Noeli alikuja kama mgeni wa pembeni, na mgeni huyo tulimpokea pamoja na uso wake. Hakuna aliyetulazimisha kuleta unga Desemba iliyopita. Tulidhani tu kwamba mtoa zawadi hakamiliki akiwa na uso wa mwalimu wetu mstaafu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, na kwa kuwa sikuweza kumwambia mtoto wa miaka 6 sababu hiyo, nilisema "ni theluji." Mdogo wangu alifanya kwa sekunde tatu kazi niliyoifanya mimi kwa kurasa kadhaa: aliilinganisha hadithi na fani. Theluji ikianguka huanza na kofia.

Sitaki kusema kwamba unga wetu na rangi ya Piet ni jambo moja. Aliyejipaka weusi aliiga watu ambao mababu zake waliwamiliki. Sisi tuliiga waliotutawala. Mmoja alishuka kuchezea sura ya mtumishi, mwingine alijaribu kupanda afanane na bwana. Lakini kazi ya hadithi katika pande zote mbili ni ileile, nayo ni kumpa mtoto sababu ya hali ya hewa mahali ambapo sababu ni ya historia.

Tena Desemba ya Burundi haikuwa tupu kabla ya Baba Noeli. Palikuwa na Umuganuro, sherehe ya mtama. Mwami alionja mtama na kuruhusu mbegu zipandwe, na ngoma zikapigwa, ikiwemo Karyenda, ngoma iliyokuwa ishara ya ufalme. Sherehe hiyo ilikoma chini ya utawala wa Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1920, wamisionari wakiiona kuwa upagani. Mtoto wa mtaani kwetu anaweza kukueleza kwamba Baba Noeli anaishi kwenye theluji, lakini ukimuuliza nini kilifanyika Desemba kwenye milima ya nchi yake, hajui kwamba kuna la kuuliza.

Siitaji Umuganuro ili niseme kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Ukisoma sherehe hiyo kwa jicho la uhakiki, utaona nayo ilikuwa na usuli wake wa kueleza kwa nini mtu mmoja ndiye aonje kwanza na wengine wasubiri. Maswali niliyomuuliza Piet yanaufaa Umuganuro pia: nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, nani amefaidika. Kinachonisikitisha ni kwamba mighani za Umuganuro hatuna nafasi ya kuzidai deni, kwa sababu hatukusimuliwa.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mighani za Mtakatifu Nikolasi zilipindwa mara kwa mara ili zifuate desturi: dirisha likawa dohani, maskini akatoweka, na weusi wa mtumishi ukapewa sababu nyingi zinazopingana. Imeonyesha pia kwamba masizi ya Piet yanakanushwa na vazi lake mwenyewe, hasa akilinganishwa na mtakatifu wa shairi la mwaka 1823 na bibi Befana. Mwisho imeonyesha kwamba hadithi iliyotungwa ili kuficha inaweza, ikidaiwa, kuwa njia ya kurekebisha.

Kwa wanafunzi wenzangu wa fasihi simulizi napendekeza mambo mawili. La kwanza, tusiishie kuainisha masimulizi kuwa mighani, visasili au hadithi za usuli kisha tukafunga daftari. Tuyaweke kando ya desturi zinazoambatana nayo tutazame kama yanapatana. La pili, likizo ya Desemba tuwaulize babu na bibi zetu walisikia nini kuhusu majira haya walipokuwa watoto, tuandike kabla hawajaondoka.

Sherehe ya mtaani kwetu itakuwepo tena mwaka huu. Mwalimu mstaafu amekubali kuvaa kanzu nyekundu na ndevu za pamba. Nilipomwambia kuhusu swali la mdogo wangu alicheka sana, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mwambie safari hii nitakuja na uso wangu. Kama kuna theluji, itaanzia kwenye kofia."